Namba Nane na Namba Tisa

9 Februari

Mwanangu Kidomo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshiba, na umepata walau saa tano za usingizi. Umesema simu haziruhusiwi wodini na ukitoka huko unakuwa hoi, basi tuandikiane kama zamani. Mimi sijambo, magoti tu yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi za maabara.

Kaka yako Spana naye hajambo. Jumapili alikuja kula kama kawaida, ingawa siku hizi anakula kama mgeni mwenye haya: vijiko vitatu, kisha anasukuma sahani. Amepungua mpaka mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Namwambia ni mapenzi hayo, anacheka. Kwenye zahanati wamempa dawa za vidonda vya tumbo. Jokofu langu bado linanguruma; yeye ni fundi wa majokofu wa mji mzima, lakini la shangazi yake analipita kama halioni.

Nasahihisha mitihani ya mwaka wa nne. Mmoja ameandika kwamba jeni ni aina ya mdudu anayeingia kwa kinywa. Nimempa sufuri, na karatasi yake nimeiweka nije kuicheka nikistaafu. Nasikia vyuo vingine vimeanza kutumia maelezo yangu ya somo, na chako kimo. Ukikutana nayo usitangaze kwamba ni ya shangazi yako, wasije wakadhani nilikuvujishia majibu.

Shangazi yako

27 Februari

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzima. Chumbani tumebaki wawili, na dirisha bado halifungi. Tumeliziba kwa kadibodi. Mtihani wa wodi ya watoto nimefaulu. Msalimie kaka, mwambie mkanda ukizidi kiuno hutafutwa mwingine, hautobolewi.

Maelezo yako yamefika huku. Jumanne tulikuwa na somo la vinasaba, na mwalimu wetu, kijana aliyesoma kwako, akagawa zoezi la mwisho, lile la mchoro wa ukoo. Unalijua kuliko mimi: wanaume ni miraba, wanawake ni duara, aliyeugua saratani ya utumbo mpana amepakwa wino, aliyefariki amekatwa mstari. Aliuliza nani ataenda ubaoni. Mimi unanijua, mkono ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

Nilichora harakaharaka. Namba 1 amepakwa wino, amefariki akiwa na miaka arobaini na minne, alikuwa na wake wawili. Mtoto wake wa kwanza, namba 4, wino, miaka thelathini na tisa. Halafu mapacha: wa kiume namba 5, wino, miaka arobaini na saba, wa kike namba 6, mweupe. Namba 5 ana mke marehemu na watoto wawili wazima, namba 8 wa kiume na namba 9 wa kike. Nikaeleza bila kusita kwamba jeni moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha, kwa hiyo namba 8 na namba 9 kila mmoja ana nusu kwa nusu. Wenzangu wakaandika. Kisha mwalimu akaniambia niwasomee maelezo yaliyo chini ya mchoro. Nikasoma: "Familia iliamini kwamba namba 4 alilishwa sumu na mke wa pili wa baba yake, ikamfukuza."

Chaki ilinikatikia mkononi. Hadithi ya baba mkubwa na sumu nimeisikia tangu sijaota meno ya pili. Nikaangalia tena mapacha, nikaangalia miaka ya baba, nikahesabu watoto wake. Ulifuta majina, Shangazi, ukatuacha sisi.

Nilimalizia sentensi, nikarudi kukaa. Nimepata kumi kwa kumi.

Nijibu kwa barua. Usipige simu, kwa sababu kwenye simu wewe hukawii kusikia mtu anabisha hodi.

Kidomo

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na wakaguzi wa chuo, halafu mashine moja ya maabara ikaharibika, halafu nikashikwa na mafua. Bomba la jikoni nalo limepasuka. Kaka yako alikuja kuliziba, akamaliza akajilaza kwenye kochi mpaka saa kumi. Anasema ni gesi.

Kuhusu zoezi. Kila mwalimu huchukua mifano katika maisha, na familia zinafanana kuliko unavyodhani. Baba yako alikuwa mtu mzima, mwenye uamuzi wake juu ya mambo yake. Yako mambo ambayo yana wakati wake, na wakati wako sasa ni wa kusoma. Umebakiza miezi michache. Maliza kwanza, tutakaa tuzungumze vizuri.

Nimefurahi kwamba umepata kumi kwa kumi.

Shangazi yako

10 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Sina habari za nyumbani za kukupa leo. Wiki tano nimesubiri, ukaniletea bomba na mafua.

Umeniandikia ukurasa mzima bila kusema neno "hapana". Basi nakuuliza kama mwanafunzi wako. Ukurasa wa tatu wa maelezo yako unasema: ndugu wa mgonjwa asiye na dalili asiachwe mweupe kabla ya kupimwa, awekewe alama ya kuuliza. Namba 8 ana alama ya kuuliza. Namba 9 ana alama ya kuuliza. Namba 6, pacha wa mgonjwa, hana. Ni mweupe pe. Wewe ndiye uliyeandika sheria hiyo na wewe ndiye uliyechora mchoro. Ulipimwa lini?

Na lile swali la mwisho chini ya karatasi, ambalo siku ile sikulifikia: "Nani awaambie namba 8 na namba 9, na lini?" Swali hilo ulikuwa unamuuliza nani, Shangazi?

Kuna jingine, na hili halisubiri jibu lako. Jana nilimpigia kaka. Nilimuuliza kama daktari, siyo kama mdogo wake, akajitia hamnazo, nikambana. Ana miezi minne anapata choo chenye damu. Aliona aibu kusema. Ana miaka ishirini na tisa na anameza dawa za vidonda vya tumbo. Barua yako, ile ya mkanda na mapenzi, nimeisoma tena. Wewe unafundisha madaktari kuliona jambo hili kwa mgeni anayepita mlangoni. Huyu anakula mezani kwako kila Jumapili.

Mpeleke akapigwe kamera ya utumbo. Siyo Jumatatu ijayo. Siku utakayoisoma barua hii.

Kidomo

19 Aprili

Mwanangu Kidomo,

Sijui nikusalimu vipi. Mimi ni mzima. Nianze na kaka yako, maana najua macho yako yanamtafuta yeye.

Barua yako niliisoma Jumatatu saa mbili asubuhi nikiwa nimesimama kwenye varanda ya ofisi. Saa tatu nilikuwa kwenye karakana yake. Nilimdanganya kwamba kuna punguzo la vipimo kwa ndugu wa wafanyakazi. Alikataa, akatania, akakubali. Alhamisi wakamwingiza kamera. Daktari bingwa ni mwanafunzi wangu wa zamani. Aliniita pembeni, nikajua kabla hajafungua mdomo. Kuna uvimbe upande wa kulia wa utumbo mpana, na vijinyama vingine viwili. Atapasuliwa tarehe mbili Mei. Yeye anajua kuna uvimbe. Hajui mengine.

Sasa hayo mengine. Miaka saba iliyopita, baba yako alipolazwa, nilimtoa damu mimi mwenyewe na kuipeleka kwenye maabara yetu. Jeni ilionekana. Yeye alikuwa amebakiza wiki tatu. Aliniambia, "Usiwaambie wanangu mpaka wakue." Nikamuahidi. Kaka yako alikuwa na miaka ishirini na miwili, wewe kumi na saba. Wiki hiyohiyo nikajipima. Sina. Tulikaa tumbo moja mimi na yeye, yeye akapata, mimi nikakosa, na nilitoka maabara nikiwa na furaha, mwanangu. Nakuambia ukweli, nilifurahi kwa muda wa kushuka ngazi. Kisha nikaona haya hata kumtazama.

Ahadi ilikuwa mpaka mkue. Mlikua. Nikasema umalize sekondari. Nikasema uzoee chuo. Kaka yako alipofungua karakana nikasema asivunjwe moyo sasa. Na kila mwaka ulivyopita, kuwaambia kukawa na sehemu ya pili: ilibidi nieleze pia nilikuwa nimenyamaza kwa muda gani. Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyonishinda. Ahadi ya baba yako niliificha nyuma ya mgongo na kuitoa kila nilipoihitaji.

Umeuliza swali la mwisho nilikuwa namuuliza nani. Nimelitoa kwa wanafunzi miaka sita. Nilikuwa nasubiri mmoja aniandikie jibu la kunipa nafuu. Hakuna aliyeandika. Karibu wote wameandika: "Ndugu anayejua, mara moja."

Shangazi yako

14 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nimefika chuoni salama. Basi liliharibika mara mbili, na abiria mwenzangu alinisimulia habari za kesi yake ya kiwanja mwanzo mpaka mwisho.

Siku nne tulikaa benchi moja nje ya chumba cha upasuaji na nje ya wodi, na nadhani tuliambiana maneno kumi. "Umekula?" "Nimekula." Sikuweza zaidi. Ningefungua mdomo ningekuvunjia heshima mbele za watu, na wewe ndiye uliyenilea, uliyenifunga kamba za viatu. Nikameza. Bado nimemeza, na hakijashuka.

Karatasi ya maabara nimeisoma mara tatu. Uvimbe umetoka wote. Tezi kumi na nne zilizopimwa, mbili zina ugonjwa. Unajua maana yake na mimi najua: miezi sita ya dripu za dawa ya saratani, halafu kuomba Mungu na kupigwa kamera kila mwaka. Najua pia kwamba miaka mitatu iliyopita kingekuwa kijinyama cha ukubwa wa harage, kingekatwa kwa kamera hiyohiyo, na jioni angekuwa karakana. Sitaliandika tena hili. Nimeliandika mara moja ili nisilibebe peke yangu.

Kaka anadhani ni bahati mbaya. Alinishika mkono pale kitandani akasema eti afadhali imempata yeye, mimi nina masomo. Nilitoka nje. Nilikaribia kumwambia, nikajizuia, kwa sababu siyo langu kusema. Ni lako. Mwambie kabla ya dripu ya kwanza. Usimung'unye maneno, na usianze na baba.

Kidomo

30 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu. Magoti hayajambo. Bomba halivuji.

Nimemwambia. Dripu ya kwanza ilikuwa ianze Jumatano. Jumanne nilimfuata karakana. Hakutakiwa kuwa pale, alitakiwa kupumzika, lakini unamjua. Alikuwa amefungua jokofu la mwenye bucha, amechuchumaa nyuma yake kwa tahadhari, mkono mmoja kwenye mshono. Nilikaa juu ya kreti. Miaka ishirini nafundisha watu namna ya kutoa habari mbaya: mkalishe, nyamaza kidogo, sema neno lenyewe, usilipambe. Nikasahau yote. Nilisema kama mtu anayetapika. Jeni, baba yako, kipimo changu, miaka saba, zoezi la darasani. Sikuanza na ahadi. Ahadi niliisema mwisho, na hata hapo niliona haya.

Aliendelea kukaza skrubu mpaka ikagoma. Kisha akauliza, "Mimi ni namba ngapi?"

Nikamwambia nane.

"Na wanafunzi wangapi wananijua?"

Nilihesabu, Kidomo. Nilihesabu kweli, kwa sababu aliuliza kweli. Kama mia nne, nikamwambia, bila vyuo vingine. Akatikisa kichwa taratibu, akasema watu mia nne walijua ana nusu kwa nusu kabla yake. Hakupaza sauti. Afadhali angenitupia spana. Aliniambia nisimpikie Jumapili.

Jumapili nilipika. Hakuja. Jumatano ile ya dripu ya kwanza nilikwenda wodini nikakaa kwenye kiti cha mlangoni, akanigeuzia mgongo saa nne nzima. Nitakwenda na zamu ijayo.

Zoezi nimelifuta kwenye maelezo na nimeviandikia vyuo vyote viliondoe. Mkuu wa idara aliuliza sababu. Nikamwambia sababu. Nadhani barua ya kunichukulia hatua inaandikwa. Iandikwe tu.

Shangazi yako

21 Juni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzima, kwa kadiri mtu anavyoweza kujua kwa kujitazama kwenye kioo. Mitihani ya mwisho imeanza. Kaka ananipigia kila jioni. Kichefuchefu kimepungua, ila vidole vinawaka ganzi akigusa chochote baridi, na yeye kazi yake ni majokofu. Anaifanyia utani. Wewe hakutaji, lakini juzi alisema "yule wa kwenye kiti cha mlangoni", kwa hiyo najua bado unakwenda.

Nimetoa damu. Nilikaa mbele ya muuguzi kama mgonjwa yeyote, nikasaini fomu ambazo mwezi uliopita nilikuwa nawasainisha wengine. Naogopa, Shangazi. Kazini nawaambia watu nusu kwa nusu kana kwamba nawaelekeza njia ya posta. Sasa nusu hiyo nalala nayo, naamka nayo, napiga nayo mswaki. Nikiumwa na tumbo la mtihani nakimbilia chooni kuangalia damu.

Kipimo kinafanyika kwenye maabara yenu, hakuna nyingine. Kwenye fomu kuna nafasi ya mtu atakayepokea majibu kwa niaba yangu, na mwalimu wangu aliniambia niandike jina la daktari wa huku. Nimeandika lako.

Najua unachofundisha, kwamba majibu ya namna hii hayatumwi kwa karatasi. Hapana. Ukija nitakusoma usoni ukiwa bado unavuka geti, na njiani utakuwa umepanga maneno. Ukipiga simu utasikia mtu anabisha hodi. Andika. Mimi nimeshakaa.

Kidomo

8 Julai

Unayo.

Majibu yametoka maabara saa nne na dakika kumi. Sasa ni saa nne na nusu. Unayo ileile ya baba yako na ya kaka yako, aliyepimwa wodini, nimeisoma mara mbili, na nimemwita mpimaji tukaisoma pamoja. Hii siyo saratani. Ni jeni tu, na wewe una miaka ishirini na minne, na kamera itaingia kabla kitu chochote hakijapata nafasi ya kuota. Nafasi nimekuombea tarehe kumi na tano, siku mbili baada ya mtihani wako wa mwisho. Kama ni siku nyingi mno niambie, nitawaomba waiwahishe. Kila mwaka utapigwa kamera. Jeni hii hugusa na tumbo la uzazi; hilo tutazungumza na bingwa, siyo leo, lakini nakutajia leo ili usije ukasema nilinyamaza.

Barua nampa dereva wa basi la saa sita, jioni utakuwa nayo mkononi. Kesho mimi nitakuwa kwenye basi hilohilo. Usiponitaka nitakaa nje ya geti lenu mpaka unitake.

Haya, salamu. Mimi si mzima, nimelia mpaka miwani haionyeshi. Kaka yako anakusalimu. Tuko naye hapa ofisini. Asubuhi nilimkuta amesimama kwenye mlango wa maabara, amevaa glavu za sufu kwa ajili ya vidole vyake, yeye ambaye hajanisemesha tangu ile siku ya kreti; nadhani wewe ndiye uliyemwambia siku ya majibu. Alisema, "Mara hii husomi peke yako." Tukaisoma. Akavuta kiti, akanikalisha, akanisogezea karatasi na kalamu.

"Andika sasa hivi," akaniambia, "nikikuona."

Amesimama nyuma yangu mpaka hapa nilipofika.